Sherehe Isiyo na Maputo

Nilichaguliwa kuwa msimamizi wa usalama kwa sababu sikuwepo kikaoni. Nilikuwa nimetoka kidogo kununua vocha ya simu dukani ng'ambo ya barabara, na niliporudi nikakuta wenzangu wameshapiga kura, wanacheka, na presidente wa chama chetu cha wanafunzi ananipigia makofi.

"Hongera, mana," akaniambia, maana sisi huitana mana na mano, dada na kaka. "Segurança ni wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe mwoga. Asiyeogopa kitu tumpe kazi hiyo ya nini?"

Sikujua nicheke au ninune. Nikakaa. Rafiki yangu wa Pundanhar, msichana aliyekuwa jirani yangu darasani tangu siku ya kwanza, akanisogezea benchi huku akijizuia kucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyetaja jina langu.

Kampasi yetu, na tulipenda sana kuiita kampasi, ni tawi dogo la chuo kikuu kilicho mbali. Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tuna madarasa machache ya matofali ya saruji, ofisi ya mkurugenzi, na ukumbi mmoja mrefu wa bati uliokuwa ghala zamani. Uwanja ni mchanga mtupu, na upande wa ua kuna minazi. Wengi tulisomea ualimu. Baadhi walitoka Mute, wengine Quitunda kwenye zile nyumba za waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, na wengine ni wa hapa hapa mjini kama mimi, ambaye baba yangu alivuka Ruvuma kutoka Mtwara kuja kuuza vitenge, akaoa, akasahau kurudi.

Sherehe tuliyokuwa tunaipanga ni ya kuwapokea caloiros, wanafunzi wapya. Kwingine ni jambo la kila mwaka. Kwetu ilikuwa ya kwanza tangu watu warudi. Mwaka ule tuliokimbia mashambulizi, mji ulibaki mtupu, na waliorudi walirudi mmojammoja, kila mtu kwa wakati wake. Chuo nacho kilifunguliwa polepole, darasa hili kwanza, halafu lile. Kwa hiyo presidente alipotangaza kwamba safari hii kutakuwa na sherehe kubwa, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alitaka ngoma, mwingine alitaka mpira, na wa tatu alitaka mashindano ya mavazi. Presidente alitaka yote hayo, na juu yake fataki.

"Fataki hapana," nikasema. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza.

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Akaguna, lakini hilo hakulibishia. Hakuna mtu Palma angelibishia.

Kesho yake nilimchukua rafiki yangu tukaenda kuutazama ukumbi. Nilikuwa nimeingia humo mara nyingi kufanya mitihani, lakini sikuwahi kuutazama kama mtu anayewaza, je, hawa wote wakitaka kutoka kwa pamoja? Mlango wa mbele ulikuwa mzuri, mpana, wa kufungukia nje. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na madawati mabovu yaliyopandana hadi karibu na dari, na ufunguo wake haukujulikana uliko. Mkurugenzi akasema ufunguo upo. Tukautafuta ofisini hadi tukachoka, tukaukuta umening'inia shingoni mwa kombe la mpira wa miguu la wanafunzi wa zamani, na hakuna aliyejua nani aliuvalisha pale. Madawati tukayatoa sote pamoja, tukikohoa vumbi. Chini yake mlikuwa na kiota cha panya na kofia ya mtu.

Jenereta walikuwa wameiweka kwenye ujia wa ndani ili isiibiwe. Nikawaambia itatuua kwa moshi kabla mwizi hajafika. Tukaitoa nje, nyuma ya choo, na nyaya tukazipitisha juu badala ya kuzilaza njiani. Chakula nilikipeleka kwa mama yangu, maana hakuna segurança wa chakula kumshinda yeye. Nikamwambia tumefikiria kukaanga samaki asubuhi, watu wale mchana baada ya hotuba.

"Samaki wa asubuhi, na joto hili?" akasema mama. "Mnataka kuwapokea hao watoto au kuwazika? Pikeni kuku na wali wa nazi, na mchuzi usitoke jikoni mpaka watu wamekaa."

Hivyo ndivyo tulivyoamua. Tukaamua pia tuanze asubuhi, tusimame kwa sala ya adhuhuri, na kila mtu awe kwao kabla jua halijashuka. Wa Quitunda wangeondoka pamoja, wa Mute pamoja, na hakuna msichana angetembea peke yake. Mambo yalikwenda vizuri mno, nikaanza kuipenda kazi yangu.

Kisha presidente akaja na maputo.

Aliyaweka mezani mbele yetu kwa fahari, pakiti kubwa, mekundu, ya kijani na ya njano, bado yamelala bapa. Alikuwa ameyaagiza kutoka Pemba kwa dereva mmoja wa ukoo wake. Alitaka yajazwe upepo yafunike dari yote.

Nikayatazama.

"Hayawezekani, mano," nikasema.

"Hayawezekani vipi? Ni maputo!"

"Ndiyo maana."

"Sikiliza," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Fataki umekataa, nimekubali. Muziki umesema upunguzwe, nimepunguza. Samaki wamekuwa kuku. Sasa na maputo? Basi tutandike mikeka tusome hitima, tujue moja."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakanigeukia wakisubiri jibu. Nikawasimulia harusi ya binamu yangu.

Harusi hiyo ilikuwa Quitunda, miezi michache kabla. Walipamba ua kwa maputo, wakapamba vizuri kweli. Bwana harusi ameshaingia, kina mama wanapiga vigelegele, wali umeshapakuliwa. Mtoto mmoja akakanyaga puto. Pah! Mara moja tu. Sikumbuki kuinuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nyuma ya nyumba ya tatu, kwenye shamba la mihogo la watu nisiowajua, nimesimama na sahani ya wali mkononi, na hakuna hata punje iliyomwagika. Pembeni yangu alikuwa shangazi yangu, mzito wa miguu, ambaye kwa kawaida hutembea kwa kushika ukuta. Tukatazamana. Tulipoelewa ni puto, tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini tuliporudi uani tulimkuta binamu yangu kwenye kiti chake cha bibi harusi, peke yake, amejifunika uso kwa mikono. Hakuweza kukimbia kwa lile gauni. Na mlangoni kwa nje palikuwa na mzee mmoja aliyeangushwa, ameumia nyonga.

"Ule ulikuwa ua wazi," nikamaliza. "Fikirini sasa ndani ya ukumbi."

Ndipo rafiki yangu akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi naona," akasema, "maputo yabaki huko huko Maputo."

Kicheko kilichotoka pale kilitusaidia sote. Hata presidente alicheka, ingawa alizikunja zile pakiti polepole na kuzitia mfukoni bila kunitazama. Tukakubaliana kupamba kwa capulana, vitenge vya kina mama. Kila mmoja aombe moja nzuri kwa mama yake, tuzifunge darini kutoka ukuta hadi ukuta.

Ila lile jambo la harusi lilibaki likinizungukia kichwani. Milango tumeifungua, maputo tumeyaondoa, lakini mlio ni mlio. Kiti kinaanguka, tairi inapasuka barabarani, mtu anaubamiza mlango. Huwezi kuukataza mji mzima usitoe sauti. Nikamwambia rafiki yangu, ambaye ndiye angekuwa mshereheshaji kwa kuwa anakijua Kireno, Kiswahili na Kimakonde, tena ana sauti isiyohitaji jenereta:

"Unajua kilichotukimbiza kule Quitunda si mlio. Ni kwamba hakuna aliyetuambia ni mlio wa nini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe, kikilia chochote, sema ni nini. Papo hapo. Usingoje kuhakikisha jina la mtengenezaji."

Tukaanza mazoezi siku ile ile. Presidente alisimama nyuma ya ukumbi akaangusha benchi, na rafiki yangu, akiwa ameligeuzia mgongo, akapaza sauti: "Benchi!" Presidente akagonga sufuria, naye akaitikia: "Sufuria!" Akapiga bati kwa fimbo: "Bati, jamani, bati!" Ikawa mchezo wetu wa wiki nzima. Mtu akipiga chafya darasani, nyuma mtu anatangaza: "Chafya!" Mkurugenzi aliangusha kalamu katikati ya somo na darasa zima likamwitikia: "Kalamu!" Alitukodolea macho, tukainama kwenye vitabu vyetu mabega yakitutikisika.

Kilichobaki ni minazi. Matawi yake yaliinama juu ya bati la ukumbi, na nazi ikianguka pale husikika hadi sokoni. Minazi yetu tuliikwea wenyewe tukaangua kila kitu. Lakini mmoja, uliokuwa mrefu kuliko yote, shina lake lilikuwa ng'ambo ya ua, kwa bibi jirani. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndio nyie mnaopiga kelele za mabati wiki nzima?"

"Ndio sisi, bibi. Tunaomba ruhusa tuangue nazi zako za upande wa chuo. Tutakuletea zote hapa mlangoni."

Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. "Hazijakomaa."

"Zilizokomaa tu, bibi."

"Mjukuu wangu, mnazi ule nimeuotesha mimi. Nazi zake huanguka usiku. Mchana hauangushi hata kijiti. Nendeni mkacheze, msiwe na wasiwasi."

Nilijaribu tena, akanipa fungu la mchicha nimpelekee mama, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Tulichoweza kufanya ni kuhamisha viti vyote upande wa pili wa ukumbi.

Siku ya sherehe ilianza vizuri kuliko nilivyoota. Capulana za kina mama zetu zilijaa darini, zikipepea kila upepo ulipoingia kwa ile milango miwili, na ukumbi wa ghala ukawa kama hema la harusi. Caloiros waliingia wakiwa na haya, wavulana wamepiga pasi mashati hadi yanasimama, wasichana wamefunga vilemba vipya. Rafiki yangu aliwakaribisha kwa lugha zake tatu, na mwanzoni kabisa akawaonyesha milango: "Huu wa mbele, na ule wa nyuma. Mkisikia kitu, nisikilizeni mimi kwanza. Mimi ndiye ninayejua majina ya vitu vyote." Wakacheka, wakadhani anatania.

Mkurugenzi akasimama kuhutubia. Hotuba ilikuwa nzuri na ilikuwa ndefu. Alikuwa amefika kwenye umuhimu wa kusoma kwa bidii, ukumbi umetulia, baadhi ya watu wanasinzia, ndipo mnazi wa bibi ukaamua kwamba ni usiku.

Nimeishi Palma maisha yangu karibu yote, lakini sijawahi kusikia nazi ikipiga vile. Bati zima lilinguruma. Watu wote waliinuka kwa pamoja, kama mtu mmoja, na viti vikaanguka nyuma yao.

"NAZI!" rafiki yangu akapaza sauti, hata sijui kipaza sauti alikishika saa ngapi. "Nazi! Nazi ya bibi jirani! É coco! Ni nazi imeanguka juu ya bati!" Akaita na kwa Kimakonde. "Nazi, jamani, nazi!"

Na mle ndani nikaona kitu ambacho bado nakiona. Watu walisimama wakiwa wameinua mguu mmoja. Waliokuwa karibu na milango walikuwa wameshatoka, wakatoka kwa upana wa mlango bila kusukumana, wakasimama uwanjani. Walio katikati wakageuka kumtazama msichana wa kipaza sauti. Yeye akanyoosha kidole juu, na kwa kweli ile nazi ilikuwa bado inabiringika batini, gudu-gudu-gudu, polepole, sote tukiufuata mlio wake kwa macho kupitia capulana, mpaka ikafika ukingoni na kudondoka mchangani. Puu.

"Mchanga," akasema rafiki yangu.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Msichana mmoja mpya alicheka na kulia kwa pamoja, na mwenzake akamkumbatia. Mkurugenzi alitoka chini ya meza, akajikung'uta magoti, akasema, "Kama nilivyokuwa nikieleza," na hapo watu ndio hasa wakavunjika mbavu. Nikazunguka kuangalia. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekanyagwa, kiatu kimoja tu kilikuwa kimebaki bila mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa presidente. Nilikijua kile kiatu, maana tangu asubuhi alikuwa akitukataza tusimkanyage.

Nilikichukua nikatoka kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, mgongo wake kwenye tangi na mikono yake kichwani. Pumzi zilikuwa zinamtoka mbio. Nikakaa mchangani kando yake, si karibu sana, nikakiweka kiatu kati yetu.

"Ilikuwa nazi," nikasema.

"Nimesikia. Nimemsikia vizuri kabisa. Miguu ndiyo haikusikia."

Ukumbini walikuwa wameanza muziki. Akasema bila kunitazama, "Mwaka ule nilitembea na mdogo wangu mgongoni porini mpaka Pundanhar. Kila tawi likivunjika analia, nami namziba mdomo. Nilikuwa namziba mdomo mtoto, mana." Akakivuta kile kiatu. "Yale maputo sikuyataka kwa ubishi. Nimeona picha za kampasi za wenzetu kwenye simu. Wana maputo. Nikasema na sisi siku moja tuwe kama watu wengine."

Nikamwambia tu kwamba mimi nilikimbia na sahani ya wali, na kwamba yeye angalau amekimbia kwa adabu, hakuchukua chakula cha mtu. Akacheka kwa pua, akavaa kiatu.

Tulipokuwa tunainuka, geti likafunguliwa. Bibi jirani akaingia, amejitanda vizuri, fimbo mkononi.

"Nazi yangu iko wapi?" akauliza.

Tukatazamana. Tukaenda naye jikoni, na huko tukawakuta wapishi wameshaivunja. Nusu ilikuwa kwenye mbuzi inakunwa, kwa sababu mchuzi ulikuwa umepungua tui na wao wakaona Mungu amewaletea. Nilidhani bibi atatupiga na ile fimbo. Aliichukua nusu iliyobaki, akaigeuza, akaionja nyama yake kwa ncha ya kidole.

"Kumbe imekomaa," akasema. Akavuta kiti, akakaa, akauliza kama wali uko tayari.

Alikula nasi. Tulisali adhuhuri uwanjani, wengine wakangoja kivulini, kisha ngoma zikapigwa hadi alasiri. Presidente alirudi jukwaani na kutoa shukrani kwa sauti yake ya kawaida. Akamtaja kila mtu, hata bibi, hata mnazi. Aliponitaja mimi aliniita "mwoga wetu," na makofi yakawa marefu hata nikaona haya. Jua lilipokuwa bado juu, wa Quitunda walipanda gari lao, wa Mute lao, nami nikawahesabu wasichana wa mjini wakiondoka kwa makundi, wanaimba.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kikao cha kutathmini. Safari hii sikutoka kwenda kununua chochote. Presidente akafungua kwa kusema kwamba mambo yamekwenda vizuri, na kwa kuwa yamekwenda vizuri, amepata wazo: mitihani ikiisha, chama kizima kiende matembezi kisiwani, kwa boti. Watu wakapiga makofi. Halafu makofi yakafifia, na vichwa vyote vikanigeukia.

"Nani anajua kuogelea?" nikauliza.

Mikono ikanyooshwa, michache. Rafiki yangu wa Pundanhar, mtu wa bara, hakujisumbua hata kidogo. Presidente alinyoosha wake juu kabisa, kwa kujiamini, mtoto wa pwani.

"Mano," nikamwambia, "mama yako ameniambia huingii maji ya kuzidi magoti."

Mkono ukashuka. Tukaanza kuzungumza juu ya ufuko, maji yanapokupwa, na nani ataleta mpira.